Mshtarii hatukuiona kusini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Januari mwaka huu gazeti lenu liliwataarifu wasomaji kwamba tarehe 10 sayari ya Mshtarii ingekuwa mkabala na jua, yaani dunia ikiwa katikati yao, hivyo ingeonekana usiku kucha, tena ikiwa na mng'ao mkubwa. Nilifurahi, maana habari za anga ni nadra katika magazeti yetu. Shida ni kwamba wasomaji walielekezwa watazame kusini.

Dada yangu anakaa Chumbageni, Tanga. Usiku ule, mnamo saa tatu, alitoka uani na darubini ndogo ya macho mawili niliyompelekea, akageukia kusini kama alivyoelekezwa, akaikuta nyota kali kwelikweli. Akanipigia simu: "Kaka, mbona hii haina ile miezi minne inayoizunguka Mshtarii uliyonisimulia?" Ile ilikuwa Suheli, nyota ya manahodha. Mshtarii yenyewe alikuwa ameipa mgongo. Ilikuwa kaskazini-mashariki, juu ya bati la jirani.

Maelekezo yenu yalikuwa sahihi kwa mtu aliye Ulaya. Yangenifaa mimi. Ni dereva wa basi mjini Oulu, Finland, digrii 65 kaskazini ya ikweta, na saa zangu za mapumziko huishia kwenye kupiga picha za sayari. Huku sayari zote hupita upande wa kusini, basi. Tanga iko digrii 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo mambo hubadilika: mwaka huu Mshtarii imekaa katika sehemu ya kaskazini ya anga, na mtu wa Tanga, Mombasa au Dar lazima aelekee kaskazini ili aione ikipita juu. Mwaka mwingine itakuwa kusini. Anayeandika habari hizi asipozihamishia kwetu, anawatoa watu nje bure.

Kuna dhana nyingine niliyoisoma katikati ya mistari yenu, kwamba anga la kutazamia nyota liko kwa wenzetu wa nchi za baridi. Ngoja niwaeleze lilivyo. Desemba hapa jua huchomoza saa nne na nusu asubuhi na kuzama saa nane mchana. Giza lipo tele, ila mawingu ya Ghuba ya Bothnia yanaweza kulifunika wiki nzima. Yakifunguka, baridi inashuka hadi digrii 20 chini ya sifuri. Darubini ikitoka ndani haifai mpaka kioo chake kipoe, kwa sababu hewa inayopanda kutoka kwenye kioo chenye joto huivuruga picha. Betri ya kompyuta hufa ghafla. Mafuta ya gia ya kigoda kinachobeba na kuzungusha darubini huganda kama samli, mota ikaanza kulalamika. Na Jumamosi ndiyo siku ya sauna: bomba la moshi la jirani liko kusini hasa, na nikiielekeza kamera hapo Mshtarii hutetemeka kwenye skrini mpaka mikanda yake miwili ya rangi ya kahawia inapotea.

Sayari hatuipigi picha moja. Tunarekodi video ya dakika mbili hivi, isizidi sana kwa kuwa Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa 10 na alama zake husogea. Kisha programu huchambua maelfu ya picha, ikabakiza zile ambazo hewa ilitulia na kuzilaza moja juu ya nyingine. Kila kitu ni hewa. Sayari ikiwa chini, mwanga wake unapita katika hewa nyingi zaidi, na ukingo wa juu hutoka wa bluu, wa chini mwekundu. Mwaka 2018 Zohali, yenye pete, ilifika digrii 2 na nusu tu juu ya upeo wa Oulu, upana wa vidole viwili ukinyoosha mkono, tena katika usiku wa kiangazi usioingia giza. Huko Tanga sayari hiyo ilipanda zaidi ya digrii 70. Damian Peach, Mwingereza mashuhuri kwa picha hizi, alifunga safari hadi Barbados kutafuta hewa iliyotulia na sayari zilizo juu. Na aliyeligundua doa jeusi lililoachwa na kitu kilichoigonga Mshtarii, Julai 19, 2009, alikuwa Anthony Wesley, mtaalamu wa kompyuta wa Australia, akiwa na darubini yake nyumbani. Hakuwa mwajiriwa wa kituo chochote cha anga.

Ombi langu ni dogo. Mnachapisha nyakati za swala na za maji kujaa na kupwa. Pembeni hapo ongezeni mistari mitatu kila Ijumaa: sayari gani inaonekana, saa ngapi, upande gani, kwa hesabu za hapa nyumbani. Hesabu za miezi ya mwanzo nitawaandalia mwenyewe bila malipo, na hii ni ya kuanzia: Februari 2027 Mshtarii itakuwa tena mkabala na jua. Kwa mtu wa Tanga itapita upande wa kaskazini, karibu digrii 70 juu ya upeo, mnamo saa sita na nusu usiku.

Mtu wa Tanga,
Oulu, Finland