Mbao changa zinatokana na woga wa mkulima, si uroho wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mbao za paina zinazotoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu lawama zinazotolewa mijini juu ya mbao hizo, kwamba mkulima hukata miti michanga kwa tamaa, zinamwangukia mtu asiyestahili. Mimi ni fundi seremala wilayani Mufindi na nina shamba la miti la ekari sita, kwa hiyo mbao hizi nazijua zikiwa bado na majani na nazijua zikiwa tayari juu ya paa.

Mwezi uliopita nililetewa mbao za mbili kwa nne za kupigia kenchi. Nilipozitazama nchani, karibu kila moja ilikuwa na moyo wa mti katikati, yaani kile kidoa laini cha kahawia, na miviringo iliyouzunguka, ambayo kwa kawaida mti huongeza mmoja kila mwaka, ilikuwa mipana kama kidole changu cha mwisho. Katika mbao moja sikuweza kuhesabu miviringo zaidi ya mitano. Nilizipanga kivulini na kuweka vijiti kati ya tabaka ili hewa ipite, kama nilivyofundishwa, lakini baada ya wiki mbili theluthi moja zilikuwa zimejisokota. Moja niliilaza sakafuni: pembe tatu ziligusa saruji, na chini ya pembe ya nne mtoto angeweza kupitisha ngumi. Mwenye nyumba alisema wakulima wa siku hizi wana tamaa. Sikukubaliana naye, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mti wa paina hujenga mbao za aina mbili ndani ya shina moja. Katika miaka yake kumi hivi ya mwanzo hujenga mbao za utotoni, ambazo nyuzi zake ni fupi, kuta za nyuzi hizo ni nyembamba, na vijiuzi vidogo ndani ya kuta hizo vimelala mshazari badala ya kusimama wima. Mbao ya namna hiyo ikikauka husinyaa hata kwa urefu, na upande mmoja ukisinyaa kuliko mwingine haina budi kujipinda. Baada ya umri huo ndipo mti unapoanza kuweka nje ya moyo wake tabaka ngumu, zile zinazoshika msumari na kubeba bati miaka na miaka. Kwa sababu hiyo wataalamu wa misitu wamezoea kupanga paina ya mbao ivunwe ikiwa na miaka 18 hadi 25. Ile inayokatwa ikiwa na miaka minane ni utoto mtupu, kuanzia moyoni hadi kwenye gome.

Sasa tutazame hali ya hewa. Paina tunayoipanda zaidi, Pinus patula, asili yake ni milima ya Mexico yenye ubaridi na ukungu, nayo ilistawi huku kwa sababu Mufindi, Njombe na Makete zina hali inayokaribiana na hiyo. Joto likipanda na kiangazi kikirefuka, mti huo unaondolewa katika hali uliyoizoea bila kuhama hata hatua moja. Maji hupanda ndani ya shina kama uzi mmoja unaovutwa kutoka kwenye majani. Udongo ukikauka sana uzi huo hukatika, hewa huingia katika vijimrija vya mbao, na mti hufunga vitundu vya majani yake ili usipoteze maji zaidi. Ukivifunga umejinyima na chakula, kwa hiyo mviringo wa mwaka huo huwa mwembamba. Mvua ikikatika katikati ya msimu kisha ikarudi, mti huweza kuweka mstari mweusi unaofunga mviringo mara mbili katika mwaka mmoja, na asiyejua huhesabu umri ambao mti haukuufikisha. Tena utomvu ndio silaha ya paina dhidi ya wadudu, na mti wenye kiu hauna utomvu wa kutosha. Wenzetu wanaopanda milingoti, yaani mikaratusi, nao wana adui wao: nyigu mdogo mwenye asili ya Australia, Leptocybe invasa, aligunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 2002 na baadaye akafika kwetu. Hutaga mayai katika mishipa ya majani machanga, majani yakavimba vinundu, na mche ukadumaa.

Wapo wanaojipa moyo kwamba joto litaikuza miti upesi na hivyo tutapata mbao nyingi. Ulaya ya Kati jambo hilo limepimwa katika mashamba ya majaribio yaliyoanza karne ya 19. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba miti inakua upesi kuliko zamani, lakini uzito wa mbao kwa ujazo uleule umepungua kwa asilimia 8 hadi 12 tangu mwaka 1900. Mwaka huohuo ukame mkali uliidhoofisha misitu ya sprusi, mti wa jamii moja na paina, huko Ujerumani na Ucheki, wadudu wanaotoboa magome wakaua miti mingi, wenye misitu wakalazimika kukata kwa mkupuo, na bei ya magogo ikaporomoka. Hao ni watu wenye barabara nzuri, vifaa na bima.

Huku kwetu hatari kubwa kuliko zote ni moto kichaa, na huo ndio hasa unaoharibu mbao hata pale usipofika. Oktoba, miaka mitatu iliyopita, moto uliotoka bondeni ulichukua ekari moja na nusu ya paina zangu zenye miaka kumi na mmoja. Magogo yaliyobaki niliyauza kwa bei ya kuni. Mwezi uliofuata mama mmoja jirani yangu aliita dalali akauza shamba lake zima likiwa limesimama, miti ikiwa na miaka minane. Nilipomsihi asubiri alinijibu, "Fundi, heri nile hela mbichi kuliko kungoja majivu ya miaka kumi na minane." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu harufu ya shamba langu ilikuwa bado kwenye nguo zangu.

Ndiyo maana nasema mabadiliko ya tabianchi huingia katika mbao kwa milango miwili. Mmoja ni mwili wa mti wenyewe. Wa pili ni moyo wa mkulima, ambaye kila kiangazi kikizidi kurefuka huona miaka kumi ya kungoja imekuwa kamari, naye hukata mapema. Ekari moja iliyopandwa kwa mita tatu kwa tatu ina miti kama 450, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo akiba, ada na matibabu. Huwezi kumwambia mwenye akiba ya namna hiyo awe mvumilivu huku hasara yote ikibaki kwake peke yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba soko nalo linamwadhibu anayesubiri. Madukani mbili kwa nne ya futi kumi na mbili ni mbili kwa nne ya futi kumi na mbili, iwe imetoka katika mti wa miaka minane au wa miaka ishirini. Tofauti ya bei, ikiwapo, haimlipi mkulima miaka kumi ya kulinda, kupogoa na kupunguza miti. Naiomba Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania pamoja na Shirika la Viwango Tanzania wasimamie upangaji wa madaraja ya mbao za paina pale zinapochanwa, kwa vigezo ambavyo hata fundi wa kijijini anaweza kuviona: kama moyo wa mti umo, upana wa miviringo, ukubwa wa vifundo na ukavu. Mbao ya daraja la chini bado ina kazi ya kutengeneza makreti na vibao vya kumwagia zege, lakini isiuzwe kama ya kenchi.

Pili, sehemu ya ushuru wa mazao ya misitu unaokusanywa na halmashauri irudi vijijini kila mwaka kabla ya Juni kwa kazi moja tu ya kusafisha njia za moto, yaani vipande vinavyoachwa bila nyasi ili moto usivuke, na kuwalipa vijana wa doria. Tatu, wakulima wadogo wapatiwe mbegu za vyanzo vinavyojulikana, zikiwemo paina nyingine za Mexico na Amerika ya Kati kama Pinus tecunumanii na Pinus maximinoi, na waambiwe wazi ni ipi inafaa mwinuko upi, maana wengi wetu bado tunanunua miche barabarani bila kujua mama yake.

Juni inakaribia. Njia ya moto inayotenganisha kijiji chetu na bonde ina nyasi zinazofika kiunoni, na zimeanza kukauka.

Fundi seremala na mkulima wa miti,
Mufindi, Iringa