Vijana, kostiki ya sabuni isiguse injini

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wa bodaboda hapa Tanga, hasa wale wanaofufua pikipiki za zamani uani kwao kwa ndoo na brashi. Mimi si fundi. Ni mama wa sabuni, nakaa Makorora, mwaka wa 19 huu napika sabuni ya mche na ya maji. Lakini kwa habari ya kutu, naona mafundi wangetuuliza na sisi kidogo.

Marehemu mume wangu alikuwa bwana shamba. Aliacha Honda CG 125, ikakaa bandani miaka 11. Bati la banda lina matundu, na upepo wa bahari wa hapa kwetu mnaujua: bawaba ya mlango ukiisahau msimu mmoja inakwambia kwa kelele. Mwaka jana mwanangu wa mwisho akasema anataka kuiamsha pikipiki ya baba yake. Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha. Injini ikashushwa, ikafunguliwa, vipande vikatandazwa juu ya gunia, nami nikapewa kazi ya kusugua.

Siku moja narudi kutoka Soko la Mgandini, nakuta ndoo yangu inachemka uani na moto hakuna. Povu jeusi, mvuke, harufu inakaba koo. Mwanangu kakunja mikono pembeni, ananichekea. "Mama, tazama inavyokula uchafu!" Kumbe kachota kostiki yangu, ile soda kali ya kupikia sabuni, kaikoroga na maji, kalitumbukiza kava la klachi.

Nilipiga ukelele hadi jirani akatoka na mwiko mkononi. Hakuna mama wa sabuni asiyejua somo la siku ya kwanza: kostiki haikorogwi kwenye sufuria. Ni ndoo ya plastiki na kijiti. Ukiitia kwenye sufuria inalika, inatoboka, na hewa inayotoka pale ni haidrojeni, inashika moto kwa cheche moja. Na kava la injini, hedi (kichwa cha injini), hata nyumba yenyewe ya injini, ni alumini, ndugu wa sufuria. Kilichokuwa kinaliwa mle ndooni ni kava. Tulipolivua lilikuwa jeusi, limechimbika, na pale inapokaa gasketi, ile karatasi ya kuzuia oili isivuje, pamekuwa kama ukoko wa wali. Matundu ya bolti yamelegea, kila bolti inacheza.

Sikumpiga, amenizidi kimo. Nilimpa sumaku ya spika ya redio mbovu, nikamwambia apitishe kwenye kila kipande. Kinachonata, weka kushoto: hicho ni chuma, kutu yake nyekundu. Kisichonata weka kulia. Alumini haioti kutu nyekundu, inatoa unga mweupe kama chokaa. Vijana wanaita vyote kutu, wanatafuta dawa moja ya vyote, na hapo ndipo vitu vinapoharibika.

Vya kushoto tulivitibu kwa siki ya dukani, ile nyeupe. Bolti, mkono wa kiki, pedeli ya gia, vyote vikalala kwenye siki tangu jioni hadi jioni ya pili, kisha brashi ya waya. Kutu ilitoka kama matope. Lakini ukitoa chuma kwenye siki usikiache uende kuswali ukirudi umalizie. Kwa unyevu wa Tanga, saa moja tu kimeshapiga wekundu upya. Kioshe kwa maji ya magadi kuua ukali wa siki, suuza, kaushe karibu na jiko la mkaa, upake oili kikiwa bado na uvuguvugu.

Kwa vipande vikubwa siki ni gharama. Shoga yangu anayefuga ng'ombe wa maziwa Pongwe akanipa molasi wanayowalisha ng'ombe. Kopo moja la molasi kwa makopo tisa ya maji, chuma kinazama humo wiki moja mpaka mbili. Inanuka, na sisimizi wa mtaa mzima watahamia kwako, ila inakula kutu na kukiacha chuma. Alumini isiingie humo hata kidogo.

Vya kulia, yaani vya alumini, ndugu wa sufuria zetu, ni maji ya moto na sabuni kwanza, maana nusu ya unaloliona ni oili iliyoganda. Kisha siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, dakika kumi, usizidishe. Au kata ndimu usugue nayo. Cha kusugulia ni nyuzi za mkonge. Mkonge uko Tanganyika tangu 1893, na viwandani hutengenezwa magurudumu ya kung'arishia metali kwa nyuzi hizo, sisi tunafunga nazo mizigo tu. Hazikwaruzi kama msasa. Pale gasketi inapokaa msasa usifike, wala patasi. Matundu ya oili yazibe kwa tambara, chembe moja ya mchanga ikiingia humo utaisikia siku injini inawaka. Kabureta tuliiosha kwa mafuta ya taa, jeti zake, yaani vile vitundu vya kupitishia petroli, tukazipuliza kwa pampu ya baiskeli. Ukizichokoa kwa waya tundu linapanuka.

Nimeandika sasa kwa sababu juzi kijiweni nimesikia kijana mmoja akimfundisha mwenzake kuloweka springi za valvu kwenye tindikali ya betri. Jamani! Tindikali inaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, springi inang'aa vizuri halafu inakatika kama muhogo mkavu ikiwa kazini. Na hiyo tindikali wanauziwa kwenye chupa za maji ya kunywa, haina hata karatasi ya kuandika ni nini. Chupa hiyo inafika nyumbani, inawekwa karibu na mtungi, na nyumbani kuna wajukuu. Wauzaji wanajijua. Walau waandike kwa kalamu ya wino mzito.

Kava la klachi la CG bado hatujapata, lile ambalo kiki inatokezea. Injini iko mezani sebuleni, imefunikwa kanga. Msomaji mwenye CG ya zamani iliyokufa, nakuomba usiipeleke kwa wauza chuma chakavu kabla hujanitafuta. Fika Makorora uulize mama wa sabuni aliyechemshiwa kava. Watoto wote wa mtaa watakuleta.

Mama wa sabuni,
Makorora, Tanga