Risala ya Mafundi Cherehani kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Wanafunzi wa Ushonaji, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wazazi, mafundi wenzetu na ninyi wahitimu: mwangaluka! Karibuni sana.

Sisi ni mafundi cherehani tunaofanya kazi jirani na soko la Mlango Mmoja. Leo tunawaaga mabinti 11 na kijana mmoja waliojifunza nasi kwa mwaka mzima. Miezi minne ya mwanzo hawakugusa kitambaa kipya. Walishika mitumba: kupunguza, kutia viraka, kubadili zipu, kugeuza kola iliyochakaa ili upande wa ndani utoke nje. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba watoto wanafundishwa kushona matambara. Tunaomba tuwajibu mbele yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kanga ya bibi ilianza kuwa vazi, ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikaishia dekio. Ilipokwisha kabisa ilitupwa shambani ikaoza, kwa sababu ilikuwa pamba. Nguo nyingi zinazotufikia sasa hazina mwisho huo. Kila mwanafunzi wetu anajua kuchomoa uzi mmoja kwenye upindo na kuuwasha kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli, huyeyuka, hujikunja, na ikipoa huacha kidonge kigumu cheusi. Na nguo nyingi ni mchanganyiko wa vyote viwili, ndiyo shida kubwa zaidi, maana kuvitenganisha ni kazi ngumu na ya gharama. Ripoti ya taasisi ya Ellen MacArthur ya mwaka 2017 ilisema kwamba malighafi inayorudi kuwa nguo mpya duniani haifiki asilimia 1.

Mwaka jana watatu kati yetu walichanga fedha wakanunua belo la magauni. Tulilifungua hapahapa uani. Juu yalipangwa magauni mazuri. Chini kulikuwa na yaliyochanika makwapani, yenye madoa ya rangi ya ukutani, na mengine kitambaa chembamba kisichoshika hata sindano. Tuliokoa tulichoweza. Kilichobaki kilikwenda jalalani, na tunajua mvua ikinyesha vitambaa vya namna hiyo huonekana vimenasa kwenye kingo za Mto Mirongo, vikielekea ziwani. Aliyeivaa nguo ile mara tano huko Ulaya hajui kwamba mzigo wa kuitupa ameachiwa fundi aliyewekeza akiba yake kwenye belo.

Hatusemi mitumba ipigwe marufuku. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo kule bila ushuru. Wengi wa wahitimu hawa wamesomeshwa kwa mitumba. Tunachodai ni kwamba nguo zichambuliwe kabla hazijapanda meli. Tangu Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo zilizotumika kando na taka nyingine. Zitakuwa nyingi, na zitatafuta pa kwenda. Wanaotuwakilisha waliseme hilo mapema.

La nyumbani pia lipo, na linatuuma. Tumezungukwa na wakulima wa pamba, kutoka Magu hadi Simiyu, lakini sehemu kubwa ya pamba nyuzi, yaani pamba iliyokwisha kutolewa mbegu, huuzwa nje, nasi tunanunua poliesta kushonea sare. Shati la poliesta kwenye darasa lenye watoto wengi na jua la saa nane, mwalimu yeyote hapa anaweza kueleza.

Kwa hiyo tunaomba, Mheshimiwa. Shule za kata yetu zikiagiza sare, zitake kitambaa chenye pamba nyingi na upindo wa inchi tatu, ili mtoto akirefuka sketi iteremshwe badala ya kununuliwa nyingine. Upindo huo unaongeza kitambaa kidogo tu na unampa mzazi mwaka wa pili. Pia tunaomba chumba sokoni cha kuchambulia mabaki, kwani kwa sasa tunayarundika chini ya meza za wateja. Na ombi letu la mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya Halmashauri, fungu la wanawake, tunaomba ulifuatilie. Tunahitaji mashine mbili za ovaloki, za kufunga kingo za kitambaa zisifumuke.

Kabla ya kukaa, tunakuomba upokee mfuko huu. Umeshonwa na wahitimu kwa vipande vya sare 14 zilizochakaa. Ndani una bitana ya kanga, na mfuko mdogo wa kalamu ulikuwa mfuko wa shati la mwanafunzi wa darasa la tatu. Doa la wino bado lipo, walikataa kulificha.

Tunaomba kuwasilisha.