Laptop ya 2012 bado inadunda

Mhariri, naomba kanafasi. Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10, ule mfumo unaoendesha kompyuta, tarehe 14 Oktoba 2025, naona watu mtaani wanauza laptop zao bei ya kutupa eti zimekufa. Zimekufa wapi! Mimi nina ThinkPad ya 2012, ilikuwa unaiwasha unaenda kuchemsha chai unarudi bado kale kaduara kanazunguka tu, fundi wangu wa Kariakoo akatoa hadi diski ya zamani akaweka SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi, akaongeza RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ikafika GB 8, akanipigia Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambayo ni ya bure kabisa, sasa hivi hata dakika haiishi nishaingia. Betri tu ndo imechoka, umeme ukikatika na mimi nimekatika.

UN wenyewe walisema kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za kielektroniki tani milioni 62, na hata robo yake haikurejelezwa inavyotakiwa. Huku kwetu vijana wanachoma nyaya wapate shaba, moshi tunavuta wote.

Na nyie maofisi mnaorundika kompyuta stoo mpaka panya wanazalia humo, futeni data zenu basi muwape mafundi, wanajua pa kuzipeleka.

Msomaji wenu, Dar es Salaam