Shangazi, mtoe kasuku kwanza ndipo ufungue jiki

Shangazi, shikamoo.

Uliniuliza kwenye simu kama unaweza kuosha bafu kwa jiki huku tundu la kasuku likiwa palepale koridoni, mradi mlango wa bafu umefungwa. Usifanye hivyo. Nimeona sababu zake niziandike hapa hadharani, maana wanaofuga kasuku, chiriku na njiwa ndani ya fleti ni wengi, na wote wanauliza hilohilo.

Tuanze na pafu. Sisi tukivuta pumzi, hewa inaingia na kutoka kwa njia ileile, na nyingine inabaki humohumo. Ndege sivyo. Ana vifuko vya hewa, kwa ndege wengi ni tisa, vinavyofanya kazi kama mivukuto ya mhunzi: vinaisukuma hewa ipite pafuni kwa upande mmoja tu, na hewa mpya inapita anapovuta na anapotoa pia. Utando unaotenga hewa na damu yake ni mwembamba kuliko wetu. Umbile hilo ndilo linalompa nguvu ya kuruka, na ndilo linalofanya mvuke wenye sumu umwingie upesi na kwa wingi. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka shimoni na chiriku kwenye matundu mpaka 1986, kwa kuwa ndege alilegea kwa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kabla mtu hajahisi lolote. Ukisubiri pua yako ndiyo ikuambie, kasuku ameshavuta vya kutosha.

Jiki peke yake inamwasha ndege kuanzia puani hadi pafuni. Balaa kubwa zaidi ni kuichanganya. Dawa nyingi za choo, zile zinazong'oa madoa ya manjano, ni asidi. Zikikutana na jiki inatoka gesi ya klorini. Siki na ndimu vinafanya vivyo hivyo. Jiki ikikutana na amonia inatoka kloramini, nayo ni gesi ya sumu. Amonia imo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, na inatokana pia na mkojo uliolala. Ule ukali unaokukaba koo ukimwaga jiki kwenye choo ambacho hakijapigwa maji, sehemu kubwa ndiyo hiyo kloramini. Kinyesi cha ndege kilicholala tundu zima nacho kinaoza na kutoa amonia, kwa hiyo kumwagia jiki juu ya trei chafu ni kosa, hata ukifanya hivyo nje.

Sasa huo mlango unaoutegemea. Chungulia chini yake: kidole kinapita. Klorini ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo inatambaa sakafuni na kutokea hapohapo. Usidhani kulipandisha tundu juu ya kabati kunatosha, kwani mtu akipita au feni ya darini ikizunguka, hewa yote inakorogeka. Kiyoyozi cha ukutani ndicho kinachodanganya wengi. Kinapoza hewa ileile ya chumbani na kuirudisha, hakileti ya nje. Kukiwasha na kufunga madirisha ili ndege "apate ubaridi" ni kumfungia na mvuke.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu. Kabla kifuniko cha chupa hakijafunguliwa, mpeleke kasuku chumba cha mbali kabisa na bafu, upande upepo unakotokea. Fungua dirisha la chumba hicho, funga mlango wake, kisha ziba uwazi wa chini kwa taulo lililoloweshwa na kukamuliwa. Kibaraza chenye kivuli kinafaa pia, ila tazama kwanza kama jirani wa chini hachomi taka. Bafuni fungua dirisha. Kama una feni ya kusimama, ielekeze itoe hewa nje. Tumia maji baridi, kwani ya moto yanaivunja jiki na kuongeza mvuke. Mimina, usipulize kwa chupa ya dawa, maana matone madogo yanaelea hewani. Suuza kwa maji mengi, kisha acha madirisha wazi mpaka pakauke.

Kujua kama pako salama, usinuse ukiwa humo ndani. Pua huzoea harufu baada ya dakika chache. Toka nje kabisa, kaa kama dakika kumi, ndipo urudi unuse. Ukisikia hata chembe, kasuku abaki alipo. Mimi hata nisiposikia kitu ningengoja saa mbili nyingine; kumchelewesha hakumdhuru.

Kuosha tundu lenyewe, mtoe ndege, ulibebe tundu nje. Kwangua kinyesi, sugua kwa brashi na sabuni ya mche na maji ya moto mpaka waya zitakate, halafu suuza. Mara nyingi hapo kazi imekwisha. Kama kulikuwa na ndege mgonjwa, ndipo utie jiki: vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji baridi, ichanganywe siku hiyohiyo kwa sababu ikilala inapungua nguvu. Acha dakika kumi, suuza mara tatu, anika juani mpaka kukauke na harufu iishe. Usiruke hatua ya sabuni, kwa sababu uchafu unaimaliza jiki kabla haijafika kwenye vijidudu. Vijiti vya mbao anavyosimamia visitiwe jiki, vinainywa na kuitoa polepole. Chemsha au badilisha.

Vingine nitavitaja tu. Mafuta ya taa kwenye maji ya kudekia, vidonge vya nondo kwenye sinki, dawa ya mbu ya kupuliza, udi na ubani: kasuku akiwa ndani, viache. Kikaango kisichoshika chakula kikisahauliwa motoni kitupu hadi kupita nyuzi 260 hivi kinatoa mvuke unaoweza kuua ndege ndani ya dakika chache.

Dalili ni za kutazamwa kwa makini, maana ndege huficha ugonjwa. Mtazame mkia: ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi ilhali ametulia, anahangaika. Vilevile akiacha mdomo wazi, akijivimbisha manyoya, sauti ikibadilika, au akishuka kukaa sakafuni mwa tundu. Mpeleke penye hewa safi, mahali pa joto na kimya, umguse kidogo iwezekanavyo, na umpigie daktari wa mifugo hapohapo. Maziwa usimpe, shangazi. Najua kwetu ndiyo dawa ya kila sumu, lakini hii haiko tumboni, na ukimnywesha kwa nguvu yanaingia kwenye bomba la hewa. Akionekana amepona usimwache bila uangalizi, kwani pafu linaweza kujaa maji saa nyingi baadaye.

Na anayeosha bafu hapo kwako si wewe, ni dada anayekusaidia. Haya yote mwambie yeye, mkiwa mmesimama bafuni chupa zikiwa mbele yenu. Jiki ikae rafu moja, dawa ya choo nyingine, na juu ya chupa ya jiki bandika karatasi yenye maneno mawili: KASUKU KWANZA.