Kwa Salma: mlango wa msaji na ukuta wa chokaa ndani ya Blender

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi, na natumai nyote hamjambo huko nyumbani. Picha za mlango uliouunda kwa Blender, programu ya kuunda vitu vya 3D, nimezitazama kwa makini. Umbo limekaa sawa: mfaa, ule mti wa katikati ya mbao mbili za mlango, una unene wake, miimo imesimama vizuri, na nakshi za kizingiti cha juu zimechongwa kwa kina cha kutosha. Kasoro iko kwenye ngozi, yaani rangi na hali ya uso. Mlango na ukuta umevichakaza kwa kiwango kimoja toka juu hadi chini, na nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar haizeeki hivyo. Kila doa pale lina chanzo: maji, jua, chumvi au mkono wa mtu. Ukikijua chanzo, utajua doa lianzie wapi, liwe na upana gani na liishie wapi.

Tuanze na mbao. Jua huvunja lignini, kile kinachozishika nyuzi za mti pamoja, kisha mvua huiosha ikatoka. Kinachobaki juu ni kijivu. Nyuzi laini huliwa mapema kuliko zile ngumu, kwa hiyo uso hubaki na matuta membamba yanayofuata urefu wa ubao. Matuta hayo ni umbo, yanahitaji ramani ya kimo, yaani picha inayoonyesha uso umeinuka au umezama kiasi gani; ukiyaacha kama mistari ya rangi peke yake, mbao itaonekana imebandikwa karatasi. Kwenye miimo nyuzi zisimame wima, kwenye kizingiti zilale. Katika picha zako zimesimama wima kila mahali, hata kwenye kizingiti, na jicho linalikamata kosa hilo kabla halijajua limekamata nini. Zungusha vipande vya UV (ramani bapa inayoilaza picha juu ya umbo) vya kizingiti kwa digrii 90 na tatizo litaisha.

Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa juu sana mwaka mzima. Sehemu zinazotazama juu, yaani mgongo wa kizingiti na kingo za juu za kila ua la nakshi, ndizo zipewe kijivu kikali. Chini ya vishimo vya nakshi bakisha kahawia. Kwa hilo huhitaji kupaka kwa mkono: chukua mwelekeo wa uso kwenye nodi (kisanduku cha hesabu cha Blender) ya Geometry, tenga mhimili wa Z, yaani wa juu na chini, upitishe kwenye nodi ya Map Range inayobadilisha mipaka ya namba, na matokeo yawe maski, yaani picha ya kuamua wapi paonekane nini, kati ya mbao kijivu na mbao kahawia. Ivunje maski hiyo kwa madoa ya nasibu ya nodi ya Noise Texture kidogo, la sivyo mpaka utakuwa mnyoofu mno.

Chini kabisa mambo yanageuka. Ncha za mbao za wima hunyonya maji, na mvua inayodunda kwenye sakafu ya kichochoro hurusha tope. Sentimita 20 hadi 30 za mwisho ziwe nyeusi zaidi, nyuzi zimefumuka, kingo zimemeguka. Usawa wa komeo na mnyororo ni kinyume chake: mafuta ya viganja yameifanya mbao iwe laini na iwe na mng'ao. Mbao kijivu ipe ukwaruzo (0 hung'aa kama kioo, 1 hufifia kabisa) wa 0.85 hivi, mahali pa mikono 0.4. Tofauti hiyo peke yake itakusaidia kuliko madoa yote uliyoyaweka.

Misumari ya shaba nayo uitazame upya. Umeipa kiwango cha metali cha 0.5 kila mahali ili ionekane nusu imechakaa. Shaba iliyo wazi ni 1. Kutu yake ya kijani au ya kahawia si metali tena, hiyo ni 0. Katikati hapana kitu, isipokuwa pikseli chache za mpaka. Tengeneza maski yenye kingo kali: kichwa cha msumari, mahali panapoguswa, kibaki wazi, mzunguko wake unapokutana na mbao uwe na kutu, na chini yake uteremshe mchirizi wa kijani uliofifia. Ule weusi uliouzungushia kila msumari ni dalili ya chuma kikikutana na tanini ya mbao, shaba haitoi weusi huo. Uweke kwenye bawaba na misumari ya chuma tu.

Sasa ukuta, na hapa ndipo pana kazi. Chini ya lipu kuna mawe ya matumbawe yasiyo na umbo maalumu, yamejengwa kwa chokaa nyingi na vipande vidogo vimesokomezwa katikati. Wewe umetumia tekscha (picha inayofunika uso) ya matofali iliyofunikwa rangi ya matumbawe; mistari yake ya mlalo inajitangaza hata pale lipu ilipobaki. Iondoe kabisa. Jenga tabaka kwa mpangilio ambao fundi aliujenga: jiwe kwanza, lipu nzito ya chokaa, lipu laini, halafu chokaa ya kupaka, moja juu ya nyingine. Lipu ikibanduka inaacha ukingo wenye unene wa sentimita 2 au 3, na ukingo huo lazima uangushe kivuli. Kwa hiyo maski inayotenganisha lipu na jiwe iingie pia kwenye ramani ya kimo, isiishie kwenye rangi. Kwenye Cycles, injini ya Blender ya kutoa picha, weka kina cha mita 0.025, ugawe uso katika vipande vidogo vya kutosha, na kwenye mipangilio ya materiali uchague Displacement and Bump. Ukisahau hilo la mwisho, utaona mabonde ya uongo yasiyobadilisha umbo la ukingo.

Lipu ibanduke wapi? Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi. Maji yanapokauka juu ya uso, chumvi hukua ndani ya vitundu na kuisukuma lipu nje. Ndiyo maana uharibifu mkubwa uko kwenye mita ya kwanza hivi kutoka chini, wenye mpaka wa mawimbi, na juu ya mpaka huo kuna utando mweupe wa chumvi. Mahali palipozibwa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, kipande kinadondoka kizima kama bamba. Ukitaka kuonyesha ukarabati wa saruji, upe kingo zilizonyooka na rangi ya kijivu baridi. Michirizi myeusi ya kuvu na mwani iteremke kutoka pembe za madirisha na mahali mifereji ya paa inapovuja, mipana juu, miembamba chini. Katikati ya ukuta, pasipo na kitu juu yake, usiweke mchirizi hata mmoja.

Palipolowa, usipunguze rangi peke yake. Zidisha rangi kwa 0.6 na ushushe ukwaruzo kutoka 0.9 hadi 0.5 kwa maski ileile.

Kuna hitilafu moja ya kiufundi inayoelezea kwa nini baadhi ya mashimo ya matumbawe yako yanaonekana kama chunusi. Ili kuficha kujirudia kwa tekscha, umeizungusha nakala ya pili kwa nodi ya Mapping, inayosogeza na kuzungusha picha. Picha imezunguka, lakini mwelekeo ambao Blender inautumia kusoma ramani ya nomali (picha inayoonyesha kila sehemu ya uso imeelekea wapi) bado unatoka kwenye UV za awali. Ukizungusha kwa nyuzi 180, shimo linageuka kilima; kwa 90, mwanga unatoka ubavuni. Zungusha UV zenyewe, au achana na ramani ya nomali kwenye nakala hiyo utumie ramani ya kimo kupitia nodi ya Bump, ambayo haina shida hiyo. Hakikisha pia umepakua ramani ya nomali ya aina ya OpenGL, ile ambayo Blender inaisoma. Ile ya DirectX ina chaneli ya kijani iliyogeuzwa. Na ramani za nomali, ukwaruzo na kimo zote ziwekwe Non-Color, yaani zisomwe kama namba tu, rangi ya msingi pekee ibaki sRGB, isomwe kama rangi.

Kuhusu ukubwa: mlango wa mita 2.5 kwenye picha ya pikseli 4096 unakupa pikseli 16 hivi kwa sentimita. Nyufa nyembamba za mbao zitakuwa na pikseli moja au mbili, yaani ukungu mtupu ukisogeza kamera. Tumia picha hiyo kwa madoa makubwa, kisha ongeza tekscha ya pili ya nyuzi inayojirudia kila mita 1. Tovuti za Poly Haven na ambientCG zina mbao na lipu nzuri, bure na bila masharti ya leseni.

Lakini jiwe la matumbawe nakushauri ulipige picha mwenyewe. Subiri siku ya mawingu, usitumie flashi, simama sambamba na ukuta, na weka rula na kadi ya kijivu ya kusawazisha rangi kwenye fremu ya kwanza. Kamera iwe ISO 100 na f/8, kila picha ikilalia nyenzake kwa asilimia 70 au zaidi, kisha uziingize Meshroom, programu inayounda umbo la 3D kutokana na picha. Kivuli cha jua kikishaingia kwenye rangi, kitapingana na taa zako kila utakapozihamisha.

Kabla hujanitumia tena, toa picha mbili. Ya kwanza, badilisha rangi zote ziwe kijivu kimoja na uweke taa moja ya ubavuni. Kama uchakavu haueleweki hapo, rangi haitauokoa. Ya pili iwe na rangi kamili, kamera ikiwa sentimita 50 kutoka kwenye komeo. Nitumie na faili yenyewe ili niangalie nodi.

Wasalimie wote.

Rafiki yako,
Mwanaidi