Barua ya wazi kwa Waziri wa Ustawi wa Jamii: mtoto mmoja, namba mbili

Mheshimiwa Waziri,

Kuna mvulana mmoja ambaye kwenye taarifa za wizara yako ni watoto wawili. Ameokolewa mara mbili. Mara ya kwanza alitolewa kwenye tanuru la matofali, akakaa nasi siku kumi na tisa, akarudishwa kwao. Baada ya miezi kumi na minne gari la polisi lilimshusha tena mlangoni petu, safari hii akitokea machimboni, bega moja limeteguka zamani na kukaa vibaya. Aliponiona alicheka kidogo kwa aibu, kama mgeni aliyerudia kitu alichosahau. Karani akamwandika upya kwa namba mpya, na mwisho wa mwaka akahesabiwa tena miongoni mwa waliookolewa.

Mimi ni mnasihi wa kujitolea katika nyumba salama wanakoletwa watoto waliosafirishwa na kutumikishwa. Nyumba yenyewe siitaji, na umri wa mvulana huyu nimeuacha makusudi. Waliomsafirisha nao wanasoma.

Ninalo ombi moja, na mengine yote katika barua hii yanaliegemea: acheni kuhesabu watoto siku ya msako. Wahesabuni baada ya mwaka, kisha baada ya miaka miwili. Nani yuko shuleni, nani anaishi na nani, nani hajulikani alipo. Hiyo ndiyo takwimu ya kusomewa Bunge.

Sidharau msako. Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria katika ripoti yao ya 2022 kuwa watu milioni 27.6 wako katika kazi za shuruti, na milioni 3.3 kati yao ni watoto. Hao hawatoki bila mtu kwenda kugonga mlango, na nimeona maafisa wakiugonga huku wakijua mwenye mlango ana marafiki wakubwa. Ila ule utaratibu wa kuwapanga watoto mbele ya kamera na blanketi mpya mabegani, tafadhali uishe. Kumfunika mtoto uso hakumfichi kwa dalali aliyemnunulia ile fulana.

Asiyeijua kazi hii hudhani mtoto akishatolewa hufurahi. Wengi hukasirika. Wengine humtetea aliyekuwa akiwapiga, maana ndiye aliyewalisha, na wamezoea kumwita mjomba au mama. Wamekaririshwa umri: “Nina miaka kumi na minane,” ananiambia mtoto ambaye meno ya utotoni bado yanang’oka. Majina nayo ni ya kupewa. Lile la kweli huja polepole, mara nyingi wiki ya tatu au ya nne, na huja usiku, anapoulizwa mambo mengine kabisa. Sasa hebu fikiria, Mheshimiwa: tuliambiwa siku kumi na tisa zinatosha. Mvulana wetu alirudishwa kwao kabla hajatuambia anaitwa nani.

Swali ninaloulizwa kuliko yote si “nitarudi lini nyumbani”. Ni “deni atalipa nani?” Dalali aliacha fedha kwa wazazi na kuziita utangulizi, na mtoto akafundishwa kwamba akiondoka kabla ya kulimaliza deni, atafuatwa mdogo wake. Pingu za mwajiri mmoja hazilifuti tishio hilo. Mpaka apatikane mtu wa kufunga safari hadi kwao, aangalie kama mdogo wake yupo na arudi kumwambia nimemwona, unasihi wangu ni kelele tu. Niliwahi kuomba safari ya namna hiyo. Nilijibiwa kuwa hakuna kasma yake. Ya mafuta ya msako ilikuwapo.

Aliporudishwa, mvulana alikabidhiwa kwa baba yake mdogo. Fomu ilikuwa na mstari wa jina la mpokeaji, mstari wa sahihi na mahali pa dole gumba. Haikuwa na mahali pa kuuliza kama mpokeaji ndiye aliyemtoa kwa dalali. Ndiye aliyekuwa amemtoa. Simwiti shetani: ni mtu mwenye deni na wagonjwa ndani, na hakuna aliyemuuliza hali yake ilikuwaje mwaka ule na ikoje sasa. Tulimrudisha mtoto mahali palepale, kwenye shida ileile, tukaandika “ameunganishwa na familia”.

Kesi yenyewe ilikufa. Mpelelezi aliniambia ushahidi ni dhaifu kwa kuwa mtoto alikubali kwenda, na mlezi alikubali aende. Namsamehe kwa uchovu wake, lakini sheria haisemi hivyo. Itifaki ya Palermo ya 2000, ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, inataka kuthibitisha nguvu, vitisho au ulaghai pale aliyesafirishwa ni mtu mzima. Akiwa mtoto, kumchukua na lengo la kumtumikisha vinatosha, ridhaa haiulizwi. Tena Mkataba wa Nyongeza wa 1956 dhidi ya utumwa ulishamtaja mtoto anayekabidhiwa na mzazi au mlezi kwa mtu mwingine, kwa malipo au bila malipo, ili kazi yake inyonywe. Yule shangazi anayemchukua mtoto kwa ahadi ya “nitamsomesha”, kisha akamtumikisha, ni mjanja wa siku nyingi. Sheria ilikuwa imeshamwona.

Mkataba namba 182 wa 1999, kuhusu aina mbaya kabisa za utumikishwaji wa watoto, ulikuwa umeridhiwa na nchi zote wanachama wa Shirika la Kazi kufikia mwaka 2020, yetu ikiwamo. Kifungu cha 7 kinazitaka serikali ziwatoe watoto katika kazi hizo, zisaidie utengamao wao katika jamii na ziwahakikishie elimu ya msingi bure. Tunaposherehekea msako tunakuwa tumesoma sentensi na kuishia kwenye mkato.

Kuhusu ujira, sijawahi kuona mtoto akilipwa alichokitolea jasho. Mwajiri akitozwa faini, inaingia hazina. Brazil, ambayo tangu 1995 ina vikosi maalumu vya kukagua kazi za shuruti, hupiga hesabu ya mishahara waliyodhulumiwa wafanyakazi na kumdai mwajiri, na aliyeokolewa hupata posho ya ukosefu wa kazi kwa miezi mitatu. Miezi mitatu si mingi. Lakini mtoto anayerudi kwao na haki yake mkononi hapokelewi kama mzigo, na lile swali la deni hupata jibu.

Shule ni kizungumkuti kingine. Kijana wa miaka kumi na mitatu anaketishwa darasa la kwanza, magoti yanagonga dawati, wenzake wana miaka saba na wanamwita mzee. Anakaa wiki mbili. Wanaohitajika ni walimu wa masomo ya kasi, ya miaka mitatu kwa mwaka mmoja, na hao tunao wawili, wote wa kujitolea. Na kwa nini kila msichana hupewa cherehani? Nimeshuhudia wafadhili wakikabidhi cherehani kumi na mbili kwa wasichana kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa ametoka kutumikishwa katika karakana ya kushona.

Ninachokiomba hakihitaji mitambo. Mtoto awe na jalada moja na namba moja maishani, na afisa ustawi mmoja anayejulikana kwa jina na kwa simu. Asirudishwe kwao mpaka afisa huyo awe amefika, ameketi, ameuliza nani alimtoa na kwa nini, na ameona kaya inaweza kusaidiwa vipi. Ikishindikana, atafutiwe ndugu mwingine au familia ya malezi. Kisha atembelewe mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, na kila ziara iandikwe, hata ile ya kufika na kumkosa. Hasa hiyo.

Mvulana ana miezi mitano nasi sasa. Bega limefanyiwa upasuaji. Anajifunza kusoma, na hapendi kusoma kwa sauti. Juma lililopita nilimwomba ofisa wa takwimu aunganishe mafaili yake mawili yawe moja, ili daktari na mwalimu waone alikopitia. Alinijibu kwa upole kuwa mfumo hauruhusu kufuta namba ya mtoto ambaye tayari ameshatangazwa. Naomba uanzie hapo, Mheshimiwa. Faili zote mbili ziko mezani kwake.

Wako,
Mnasihi wa kujitolea